"Zima karabai, rudi": wimbo ule ulimsema nani?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni binti wa Gungu, Kigoma. Mwezi uliopita kaka yangu aliongeza mke wa pili. Kwenye sherehe, kina mama wa mtaani waliimba wimbo huu:

Mwezi ukishachomoza, dagaa hawavuliki,
Hata ukibembeleza, kwenye taa hawafiki,
Mafuta unamaliza, na kitoweo hupiki;
Zima karabai, rudi, usiku si wako tena.

Walipofika kwenye kiitikio, shangazi yetu akainuka na noti ya elfu kumi, akambandika mwimbaji kwenye paji la uso, akazunguka mara mbili, akakaa. Mtu alikuwa anarekodi. Kipande kikaingia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, na wifi yangu, mke mkubwa, ambaye hakuja shereheni, akakiona akiwa kwake. Tangu siku hiyo hasemi na shangazi, wala na mimi, kwa sababu nasikika nikipiga vigelegele. Anasema ameimbwa. Upande wa bi harusi wanasema wimbo ulimlenga mwanamume mmoja aliyekuwa akimtaka binti yao zamani. Vijana wa kijiwe cha kahawa wanasema ni habari ya ziwa kufungwa mwaka 2024. Bibi aliyeutunga anakaa Kibirizi, tulipomwendea alicheka, akasema, "Wajukuu zangu, huo ni wimbo wa dagaa." Mama naye anasema anausikia tangu mimi nikiwa darasa la pili. Nani anasema kweli? Na maana ya wimbo inajulikanaje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kile kipande cha video nimekitazama mara nyingi zaidi, mpaka mjukuu wangu akaniuliza kama babu ameanza kupenda harusi. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu umeuliza maswali mawili ukidhani ni moja. Wimbo unasema nini, hilo ni swali la kwanza, na jibu lake limo katika maneno yake. Wifi yako amesemwa au hakusemwa, hilo ni la pili, na jibu lake hulipati ndani ya wimbo hata ukiukamua namna gani. Limo kwenye mkono wa shangazi yako.

Tuanze na wimbo.

Mimi ni Mnyamwezi wa Isevya, hapa Tabora. Maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya bwawa la Igombe. Wimbo huu ungenikuta kabla sijafika kwenu, ningeusoma kama mashairi ya mapenzi tuliyofundishwa darasani: mwezi ni mwanamke mzuri, akichomoza nyota zote hufifia. Bi harusi ndiye mwezi, karabai ni mke wa kwanza, kazi imekwisha. Ningempa wifi yako haki yake asubuhi na mapema, na ningekuwa nimekosea. (Sisi ambao watu hututania kuwa ni watu wa mwezi, ndio tungekuwa wa kwanza kutojua mwezi unafanya nini ziwani.)

Kilichoniokoa ni kupangiwa kufundisha Kigoma nikiwa kijana. Usiku wa kwanza nilitoka nje, nikaona taa nyingi zimejipanga juu ya maji, nikamwambia mwenyeji wangu, "Kumbe Kongo iko karibu hivi, mji wao unaonekana." Alicheka hadi akakaa chini. Zile zilikuwa karabai za wavuvi wa dagaa. Siku kadhaa baadaye nikatoka tena kuutazama mji wangu, nikakuta haupo. Ziwa lote jeupe kwa mbalamwezi, taa hata moja hakuna. Mama mmoja muuza dagaa pale Kibirizi ndiye aliyenifungua macho. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huwavuta kukiwa na giza tu. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga umetanda ziwa zima, dagaa hawana sababu ya kukusanyika chini ya taa ya mtu. Utachoma mafuta usiku kucha na utarudi na wavu mkavu. Ndiyo maana kila mwezi zipo siku ambazo wavuvi hawatoki. Wanashona nyavu, wanadaiana madeni, wanalala majumbani mwao.

Siku hizi karabai za mafuta zimepungua, taa za betri na za sola zimeshika nafasi yake. Neno limebaki kwenye wimbo, na hilo peke yake linaniambia wimbo una umri.

Sasa usome upya mstari wa kwanza. Kabla haujawa fumbo, ni kweli tupu ya kazi. Mwanagenzi wa mafumbo huruka hapa: akiona "dagaa" anakimbilia kuuliza dagaa ni nani. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wasubiri kwanza. Dagaa na awe dagaa mpaka maneno yenyewe yakulazimishe umtafute mtu. Mtunzi anayekaa mwaloni, pale wavuvi wanapopandisha samaki, hatumii dagaa kama pambo la kuokota. Anajua analolisema, na ukimrukia juu kwa juu utaikosa nusu ya wimbo.

Tazama pia kitenzi. Hakusema "huwavui dagaa", amesema "hawavuliki". Hiyo ni kauli ya kutendeka, na kazi yake ni kumwondoa mtendaji. Hakuna aliyelaumiwa pale. Mvuvi si mvivu, taa si mbovu, wavu haujachanika. Hali ndiyo imegeuka. Mtu anayetaka kumchoma mwenziwe kwa wimbo huwa hapotezi nafasi kama hiyo. Angesema huwezi, hujui, umeshindwa. Kijembe hupenda nafsi ya pili. Huyu mtunzi katika mstari wa kwanza amemweka mwezi na dagaa, binadamu hayupo.

Binadamu anaingia mstari wa pili, "ukibembeleza", na anakaa hadi kiitikio. Na kiitikio ndicho kilichowagombanisha, kwa hiyo tukae hapo kidogo. "Zima karabai, rudi." Watu wote mlioniandikia (maana na upande wa bi harusi nao wameniandikia, usishangae) mmeshikilia "usiku si wako tena". Hakuna aliyenitajia "rudi". Mbona hakusema "ondoka"? Mizani ingegoma, utasema. Ni kweli ingegoma, lakini "toka" ina silabi mbili kama "rudi", na ingeingia palepale bila kuvunja kitu. Mtunzi alikuwa na "toka" mdomoni akachagua "rudi". Kurudi ni kwenda mahali ulipotokea. Anayeambiwa arudi ana kwake, na anayemwambia yuko hukohuko kwake, anamngoja. Kwa hiyo anayeimba amesimama nchi kavu, na anayeimbiwa yuko majini na taa yake inawaka bure.

Nani husimama nchi kavu usiku akimwita mvuvi arudi? Unajua jibu. Mkewe.

Mwanangu, ukiusoma hivyo, wimbo wote unageuka. "Usiku si wako tena" hayawi matusi. Mke anamwambia mumewe: giza limekwisha, usiku wa kazi umekwisha, huu wenye mwezi si wako wewe mvuvi, ni wetu. Zile siku chache za mbalamwezi ndizo siku ambazo mwanamke wa mwaloni analala na mumewe chini ya paa moja. Huu ni wimbo wa mapenzi, tena wa mapenzi ya watu wazima, wenye kazi na madeni ya mafuta. Mtunzi wenu alipocheka akasema ni wimbo wa dagaa, hakuwadanganya. Aliwaonea haya tu kuwaeleza wajukuu zake yaliyobaki.

Mstari mmoja unanipinga, na sitauficha: "na kitoweo hupiki". Kupika, kwa mazoea yetu, watu humpa mwanamke, na nadhani ni hapo wifi yako alipojiona. Nina majibu mawili, moja zito na moja jepesi. Jepesi ni kwamba wavuvi walio kambini hujipikia, na hakuna mume wa Kigoma asiyejua kukaanga dagaa. Zito ni vina. Mtunzi ameanza na "hawavuliki", akajifunga: kila mstari kabla ya kiitikio lazima uishie na "ki". Maneno ya kuishia hivyo, yenye maana ya kuambulia patupu na yanayotosha mizani, si mengi. "Hupiki" limepatikana, likaingia. Neno lililokaa kwenye kina lipime kwa mkono mwepesi kuliko neno lililokaa katikati ya mstari. La katikati mtunzi amelichagua. La mwisho, mara nyingine, limemchagua yeye.

Jambo hili la vina na sauti hukoroga tafsiri nyingi. Mimi nimekulia mji wa muziki wa dansi, mji wa Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, na swali ambalo wazee wa hapa hawachoki kubishania ni wale wanawake wa kwenye nyimbo walikuwa nani. Asha ni nani? Muna ni nani? Rosa je? Kila mtaa una Asha wake wanayeapa kuwa ndiye. Huenda mmoja wapo yuko sahihi. Lakini jaribu kuyavuta majina hayo kwenye kiitikio, kwa sauti ya juu, uone yote yanaishia wapi: kwenye "a", sauti inayofungua kinywa chote na kukuruhusu uivute mpaka gitaa lijibu. Mwimbaji wa dansi akitafuta jina la mpenzi, koo lake nalo lina kura.

Turudi kwa yule anayesema ndani ya wimbo. Walimu wa ushairi wana neno lake, nafsineni, yaani yule "mimi" anayezungumza, ambaye si lazima awe mtunzi wala mwimbaji. Watu wazima wenye akili zao hupotea hapa. Chukua "Ndiyo Mzee" ya Professor Jay, ya mwaka 2001. Anayezungumza mle ni mwanasiasa anayeahidi watu mbingu na nchi, na umati unaitikia ndiyo mzee. Ukidhani ni Jay mwenyewe anaahidi, wimbo unakuwa upuuzi. Ukijua amevaa joho la mtu mwingine ili amcheke, unakuwa kinaya kikali. Kisha dunia ikaongeza utani wake: mwaka 2015 mwimbaji yuleyule akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi. Maneno ya wimbo hayakubadilika hata silabi, lakini nani angeusikiliza tena kwa masikio yaleyale?

Kwa hiyo kina mama wa harusini walipoimba "zima karabai", hawakuwa wakisema kwa vinywa vyao. Walikuwa wameazima kinywa cha mke wa mvuvi.

Mfano mwingine, kwa sababu najua shangazi yako atasema mwalimu amebuni. Kuna wimbo wa "Malaika", ambao dunia nzima imeuimba. Nani aliutunga, watu wamegombana miaka mingi, wengine wakimtaja Fadhili William, wengine Adam Salim, na kila upande una kisa chake cha msichana aliyeimbiwa. Sisi hapa hatuwezi kuamua ugomvi huo, na kwa kuujua wimbo hatuhitaji. Yupo kijana anayesema hana mali, na kitenzi chake ni "ningekuoa". Hiyo "nge" ni silabi moja, na imebeba msiba mzima: ndoa haikuwezekana, mahari haikupatikana. Sasa hesabu ni harusi ngapi umehudhuria Kigoma wakapiga "Malaika" bi harusi anapoingia ukumbini! Wimbo wa mtu aliyeshindwa kuoa unamsindikiza mtu aliyefanikiwa kuoa, na watu wanalia kwa furaha. Silaumu. Ninachosema ni kwamba maana ya wimbo na matumizi ya wimbo ni vitu viwili, na vinaweza kwenda njia tofauti kabisa bila kimoja kukiua kingine.

Hapo ndipo ninapotofautiana na vijana wa kijiwe, ingawa nawapenda. Ni kweli serikali ilifunga shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika miezi 3 kuanzia 15 Mei 2024 ili samaki wazaliane, na najua mlivyokula maharage mwaka ule. Kiitikio kinawakaa vizuri: zima taa, rudi, usiku si wako. Lakini mama yako amekuwa akiusikia tangu ukiwa darasa la pili. Wimbo hauwezi kusimulia jambo lililotokea baada yake. Tena hata bila tarehe, mstari wa kwanza unawakatalia: ziwa lilifungwa kwa amri, mwezi uwepo usiwepo, na wimbo unazungumzia mwezi. Wanachoweza kusema kwa haki ni kwamba mwaka 2024 wimbo ulipata kazi mpya. Nyimbo nzuri hupata kazi mpya.

Upande wa bi harusi nao, na yule mchumba wao wa zamani, nawapitia haraka. Wanataka heshima ya binti yao ionekane iligombewa. Hakuna neno hata moja katika beti ile linalomhitaji mwanamume huyo.

Usinielewe kuwa nyimbo zetu hazina mafumbo, eti kila dagaa ni dagaa. Zinayo, tena mengi, na yana sababu. Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikuwa na redio moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na bendi zilirekodi huko. Maneno ya wimbo yalipitiwa kabla hayajaenda hewani. Mtunzi aliyetaka kusema jambo la aibu au la hatari alijifunza kulivika nguo. Remmy Ongala alipoimba "Mambo kwa Soksi" hakuwa na habari ya miguu. Soksi ilikuwa kondomu, na ulikuwa wakati wa UKIMWI. Redio ilikataa kuupiga, watu wakauimba hata hivyo. Angalia fumbo hilo linavyofanya kazi: kila msikilizaji wa wakati ule alikuwa na ufunguo mfukoni. Fumbo la kweli linategemea ufunguo unaoshirikiwa na watu wengi. Kama ufunguo anao mtu mmoja tu, na alitengeneza jana baada ya kuona video, hilo halikuwa fumbo la mtunzi.

Na mtunzi anayemkusudia mtu, akiwa hana hofu, humtaja. Siti binti Saad wa Unguja, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, alikuwa na wimbo unaoitwa "Kijiti", juu ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja na mtu mwenye jina hilo, na muuaji akavuka kukimbilia bara. Jina lake likaimbwa waziwazi. Hadi leo, karibu miaka 100, jina la mtu huyo linajulikana kwa sababu ya wimbo. Pale huwezi kusema maana ni kila mtu na yake.

Kuna na kosa la lugha, ambalo ninyi wa Kigoma mnalijua kuliko sisi. Muziki wa Kongo umevuka ziwa na kuingia vinywani mwenu siku zote, na watu huimba Kilingala mwanzo hadi mwisho bila kujua wanasema nini. Mimi mwenyewe, nikiwa kwenu, nilinakili mistari miwili mitamu ya Kilingala kutoka kwenye santuri nikamwandikia binti mmoja. Yule binti alikuwa na mjomba mfanyabiashara kutoka Kalemie, upande wa Kongo. Mjomba akasoma barua, akaniita, akaniuliza kwa upole ni nani amefiwa. Hata Kiswahili chenyewe hubadilika kikivuka maji: ukisikia mtu wa upande ule anaimba "bibi yangu", usimwonee huruma mzee, anamwimbia mkewe. Kabla hujatafuta fumbo, hakikisha neno ni lile unalolijua.

Sasa swali la pili, lile lililokufanya uandike.

Wimbo haukumsema wifi yako. Shangazi yako, nadhani, alimsema.

Unajua kutunza kulivyo kwenye taarabu. Mwimbaji anaimba maneno ya watu wote; mwanamke anainuka kwenye ubeti anaoutaka, anatoa noti, anatembea taratibu mbele ya macho ya watu, na kwa fedha ile amenunua maneno. Kuanzia hapo ubeti ni wake, na umekwenda kwa anayemtaka yeye. Ni sawasawa na kanga. Mwenye kiwanda aliyechapa jina la kanga hajui kama una jirani mbaya. Wewe ndiye uliyeinunua, ukaivaa siku ile, ukapita mlango ule. Jirani akiamka na hasira, hatakwenda kiwandani.

Shangazi hakuinuka mstari wa kwanza wala wa pili. Aliinuka kwenye "usiku si wako tena", kwenye harusi ya mke wa pili. Katika nyumba ya wake wawili neno usiku si neno la hivihivi. Usiku ni zamu, unahesabiwa. Ninyi ni watu wa dini, mnajua kuwa bi harusi akiwa bikira hupewa siku 7 za mwanzo, na akiwa alishaolewa kabla hupewa 3, ndipo zamu zinaanza kugawanywa sawasawa. Wifi yako alikuwa amekaa kwake peke yake, ndani ya siku zilezile, anatazama simu. Mtu akikuimbia usiku si wako wakati ambapo usiku kweli si wako, huhitaji mwalimu wa fasihi akufafanulie.

Watakwambia: jiwe limerushwa gizani, aliyelia yalaa ndiye lililompata, basi shauri yake. Msemo huu hutumiwa kumnyamazisha aliyeumia, na siupendi unavyotumiwa hivyo. Anayelia anaweza kuwa alikuwa na kidonda tayari. Na mrusha jiwe naye hajawa mtakatifu kwa sababu kulikuwa na giza. Tena hapa giza halikuwepo: kulikuwa na taa za kamera.

Hata hivyo nimesema "nadhani", na nitabaki hapo. Yawezekana shangazi aliinuka kwenye kiitikio kwa sababu ndipo ngoma inapochanganya na ndipo kila mtu hutunza. Nimetazama video: kabla yake kuna mama wa gauni la kijani naye ametunza palepale. Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo. Alimtazama nani alipozunguka? Alisema kitu alipokaa? Kuna maneno kati yake na mke mkubwa tangu zamani, ya shamba, ya watoto, ya msiba fulani? Maana ya dongo hutafutwa kwa mtupaji, na majirani zako wanayajua hayo kuliko kamusi yoyote.

Kwa hiyo nenda kwa shangazi, peke yako, bila simu mkononi. Usimuulize "wimbo ulikuwa na maana gani", kwa maana atakujibu ni wimbo wa dagaa, na atakuwa amekushinda kwa kutumia ukweli. Muulize alimtunzia nani.

Kwa wifi usiende na hotuba yangu ya vitenzi. Mtu aliyeumia haambiwi kauli ya kutendeka. Mwombe radhi kwanza kwa vigelegele vyako, kwa kuwa hivyo ni vyako na hakuna wa kumsingizia. Baadaye sana, siku akicheka, unaweza kumwambia kuwa kuna mzee mmoja Tabora anaona wimbo ule, kwa maneno yake wenyewe, unaimbwa na mwanamke mwenye nyumba, aliyesimama mlangoni pake, akimwita mumewe arudi. Akitaka auchukue yeye. Shangazi alilipia elfu kumi, lakini hati miliki hakupewa.

Jambo moja bado linanikera. Kipande mlichonitumia kimekatwa mara tu shangazi anapokaa, na nyuma ya kelele nasikia kama kina mama wanaanza beti nyingine. Nimeshika neno "alfajiri" na mwisho wa mstari wenye "ki". Rudi kwa yule bibi wa Kibirizi, safari hii umpelekee sukari, na umwombe akuimbie wote, taratibu, uandike. Hasa nataka kujua kama mvuvi alirudi.